Meneja anasema sauti yangu ni mali yake, nami nataka kutoa wimbo wangu wa kwanza nje ya kundi

*"Shikamoo dada. Nina miaka 20, naishi Mwanza. Tuko wanne kwenye kundi, huu mwaka wa nne, na viitikio karibu vyote naimba mimi. Meneja ndiye anayelipia studio, video na nguo, na chaneli yetu ya YouTube iko kwenye simu yake. Mwaka jana nilirekodi wimbo wangu mwenyewe, kwa hela yangu, kwa prodyuza mwingine. Kila aliyeusikia anasema ni moto. Nilipomwambia meneja nataka kuuachia, akasema sauti yangu ni mali ya lebo mpaka mkataba uishe, bado miaka miwili, na nikiutoa ataushusha mtandaoni na kunishtaki. Huo mkataba nilisaini nikiwa na miaka 17. Mama alikuwepo ila hakusaini, na nakala sikupewa. Wenzangu wawili wananiunga mkono, mmoja hanisemeshi. Je, nivunje mkataba nitoke, au nisubiri? Mashabiki wa kundi watanifuata? Naogopa wimbo wa kwanza ukibuma nitakuwa nimekosa huku na huku."*

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mengi, lakini naona linalokunyima usingizi ni lile la mwisho, la wimbo kubuma. Tutalifikia. Naanza na meneja, maana hilo lisipokaa sawa hata wimbo mzuri namna gani hauna pa kutokea.

Sauti yako si mali ya mtu. Hakuna mkataba unaoweza kumuuzia mtu koo lako. Vinavyoweza kumilikiwa au kufungwa na mkataba ni vingine, na watu wanavichanganya kila siku. Kuna utunzi, yaani mashairi na melodi. Kuna rekodi yenyewe, ile masta iliyotoka studio. Halafu kuna ahadi ya kazi: kwamba kwa muda fulani utarekodi kwa ajili ya mtu mmoja na si kwa mwingine. Utunzi na rekodi vinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ulinzi huo unaanza pale kazi inapokuwepo, hata kabla hujatia mguu COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Cheti cha COSOTA ni ushahidi wako siku mkibishana. Si cheti kinachoufanya wimbo uwe wako. Kwa hiyo wimbo ulioutunga mwenyewe na kuulipia mwenyewe, kwa kuanzia, ni wako.

Anachokizungumzia meneja wako, hata kama amekisema vibaya, ni ile ahadi ya kazi. Mikataba mingi ya makundi humfunga kila mwanakundi peke yake, si kundi tu. Unakuta kifungu kinasema msanii hatarekodi wala kushiriki kwenye kazi ya mtu mwingine bila idhini ya maandishi. Kama kifungu hicho kipo kwenye karatasi yako, ana pa kushikia. Kama hakipo, anakutisha. Wewe huwezi kujua ni lipi kati ya hayo, kwa sababu nakala huna, na mimi siwezi kukusomea karatasi ambayo hakuna kati yetu anayeiona.

Basi kazi ya kwanza ni kuiomba. Mwandikie WhatsApp kwa adabu: "Shikamoo bosi, naomba nakala ya mkataba wangu, nataka niusome vizuri kabla hatujazungumza." Ishia hapo. Usichanganye na habari ya wimbo, wala usitume sauti. Akikupa, vizuri. Akikaa kimya au akikataa, umebaki na ujumbe wenye tarehe unaoonyesha uliomba, na wakili ataupenda ujumbe huo kuliko simulizi.

Sasa hilo la miaka 17. Najua kuna mtu ameshakuambia "mkataba ni batili, toka zako". Hajakosea sana, ila amekueleza nusu. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inataka anayeingia mkataba awe ametimiza umri wa utu uzima, ambao ni miaka 18, na makubaliano ya asiyetimiza sifa hiyo inayaita batili. Mama kukaa pale sebuleni akiangalia unasaini hakubadilishi umri wako. Lakini jiulize kilichotokea baada ya kutimiza 18. Uliendelea kupanda jukwaani, ukaendelea kupokea mgao wa shoo, ukarekodi nyimbo nyingine kwa hela yake. Wakili wa upande wa pili atasema kwamba kwa matendo yenu mliingia makubaliano mapya ukiwa mtu mzima, na hakimu atalisikiliza hilo. Tena kama kuna siku uliitwa ukasaini "fomu ndogo tu" ukiwa na miaka 19, hiyo fomu ndogo inaweza kuwa ndiyo mkataba wenyewe. Kumbuka vizuri. Watu huzisahau hizo fomu.

Kwa hiyo umri wako ni hoja nzuri ya kuleta mezani, ila usiende nayo kama rungu. Inafanya kazi vizuri zaidi mkiwa mnaongea kuliko mkiwa mahakamani, kwa sababu meneja akishauriwa na mtu anayejua sheria atagundua kwamba hata yeye hayuko salama kama alivyodhani. Hapo ndipo watu hulegeza.

Kuhusu kuushusha wimbo mtandaoni: anaweza kujaribu, na ni rahisi kuliko unavyofikiri. YouTube haianzi kwa kuuliza nani mkweli. Inapokea dai lililojazwa kikamilifu, inaiondoa video, na wewe unapata onyo. Maonyo matatu ndani ya siku 90, chaneli inafungwa. Una haki ya kupinga, na ukipinga mlalamikaji ana siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi, la sivyo video inarudishwa. Ila hesabu mwenyewe: wiki mbili za kwanza za wimbo mpya ukiwa umezimwa ndizo wiki ulizozihangaikia mwaka mzima. Utashinda na wimbo umeshapoa.

Na hapa nakugeuzia swali. Huyo prodyuza mwingine, mlikubalianaje? Ulimlipa ukapewa karatasi, au ulimlipa mkapeana mikono? Biti aliitengeneza mwenyewe au aliinunua mtandaoni? Biti za kununua kwa bei ya chini huuzwa kwa watu wengi, kwa hiyo huwezi kuziandikisha kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua sauti kana kwamba ni zako peke yako. Siku moja utashangaa dai linatoka kwa mtu wa nchi nyingine ambaye naye aliinunua biti hiyo hiyo. Kaeni naye chini, mwandike ukurasa mmoja: jina la wimbo, tarehe ya kurekodi, nani alitunga mashairi, nani melodi, nani biti, kila mmoja asilimia ngapi, na masta ni ya nani. Sahihi na namba za vitambulisho. Hata kama mwenzako wa kundi alichangia mstari mmoja pale gheto, mwandike. Wimbo ukiwa haujaingiza hata shilingi, hakuna anayegombania asilimia 5. Ukishapigwa kila kona, watu hukumbuka mambo.

Tuje kwa mashabiki. Hapa nitakuwa mkweli kuliko rafiki zako. Hapana, hawatakufuata, si kwa wingi na si mara moja. Shabiki wa kundi ni kama mteja wa biriani: sahani anaijua, aliyekaanga vitunguu hamjui. Wanajua kiitikio, wengi hawajui kwamba kiitikio ni wewe. Na mitandao nayo haikujui. Namba zote za miaka minne zimejikusanya kwenye jina la kundi na kwenye chaneli ambayo nywila yake anayo meneja. Siku utakapojaza fomu ya msambazaji wa kidijitali, yaani kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa ya mtandaoni, na kuandika jina lako kwenye nafasi ya msanii mkuu, Boomplay, Spotify, Audiomack na wenzao watakufungulia ukurasa mtupu. Sifuri. Ukishawishika kuandika jina la kundi pale kama mshirika ili wimbo uonekane kwenye ukurasa wao, umempa meneja sababu halali ya kulalamika. Usifanye hivyo bila ruhusa ya maandishi.

Angalia ilivyokuwa kwa Yamoto Band, vijana wanne waliolelewa na kituo cha vipaji cha Mkubwa na Wanawe pale Temeke. Kundi lilipoachana, kila mmoja alishika njia yake. Aslay alikuwa na mtaji ambao wengine hawakuwa nao: watu walishamjua kwa jina tangu akiwa Dogo Aslay, kabla hata ya Yamoto. Mwaka 2017 akamwaga nyimbo moja baada ya nyingine, watu hawajamaliza kuimba hii, ile imeshatoka. Mwenzake Maromboso alifanya kinyume. Alisubiri, akaingia lebo ya Wasafi mwanzoni mwa 2018, akabadilisha jina akawa Mbosso, na wimbo wa kwanza chini ya lebo hiyo, "Watakubali", ukaja na jina jipya na nguvu ya lebo nyuma yake. Mmoja alikuwa na jina tayari, mwingine alitengenezewa jina upya. Hakuna aliyetegemea kwamba mashabiki wa Yamoto watahama wenyewe kama swala. Wewe kwa sasa huna hata kimoja kati ya hivyo viwili, na si kosa lako, una miaka 20.

Ndiyo maana nasema wimbo wako wa kwanza una kazi moja tu, nayo ni kumfanya msikilizaji aiunganishe sauti anayoijua tayari na jina asilolijua. Si kuonyesha kwamba wewe ni mkali kuliko wenzako, na wala si kumjibu meneja (nakuomba sana, usiweke hata mstari mmoja wa kumchamba; mtaani watakushangilia wiki moja, kisha kila promota atakuogopa). Ukielewa hivyo, maamuzi mengi yanajipanga. Kwa mfano, kumlipa staa mkubwa kolabo kwenye wimbo wa kwanza naiona ni hasara. Watu watauita wimbo wa staa, wewe utabaki yule dogo aliyeimba kiitikio, pale pale ulipo leo. Kolabo ifanye kwenye wimbo wa tatu, wakati jina lako lina uzito wa kusimama karibu na lake.

Na kubuma? Beyoncé, akiwa bado Destiny's Child, alitoa wimbo wake wa kwanza peke yake mwaka 2002, "Work It Out", wa filamu ya Austin Powers. Kwao Marekani haukuingia hata kwenye chati kuu ya nyimbo 100. Mwaka uliofuata akaja na "Crazy in Love", na hiyo nadhani hata bibi yako ameisikia. Camila Cabello alitoka Fifth Harmony Desemba 2016, wimbo wake wa kwanza wa peke yake ukatoka Mei 2017, ukaishia namba 47 Marekani, na kwenye albamu hakuuweka. Miezi mitatu baadaye akaachia "Havana", na Januari 2018 ulikuwa namba moja Marekani. Sikupi mifano hii kukufariji. Wote wawili walikuwa na kampuni kubwa za kuwabeba, wewe huna. Ninachotaka ukione ni kwamba wimbo wa pili ulikuwa karibu. Kinachommaliza anayetoka kwenye kundi mara nyingi si wimbo wa kwanza kubuma, ni kuweka hela zote kwenye video ya wimbo mmoja halafu kukaa miezi minane anakusanya nyingine. Kama una milioni tatu, usitumie milioni tatu. Rekodi nyimbo tatu, uachie moja.

Pesa yenyewe usiitegemee mapema. Chaneli mpya ya YouTube kwa kawaida inahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla ya kuanza kulipwa matangazo ya video zake ndefu. Spotify, tangu 2024, wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 kwa mwaka haulipwi kitu. Na shoo: zile gharama mlizokuwa mkigawana wanne, nauli, nguo, DJ, chakula, sasa ni zako peke yako. Promota aliyekuwa akilipa kundi shilingi milioni 2 hatakupa robo yake kwa sababu wewe ni robo ya kundi. Anaweza kukupa laki mbili, na meneja akakata asilimia 20 kabla ya nauli kutoka. Mwambieni akate baada ya gharama. Hilo nalo liandikwe.

Kuna jambo hukuuliza, nami nalipa uzito kuliko mkataba. Umezoea kuimba viitikio. Kiitikio ni sekunde 20, unaingia wakati mwenzako ameshapasha moto, unatoka watu wakiwa bado wanakutaka. Wimbo wa peke yako ni dakika tatu ambazo hakuna anayekupokea. Beti ya pili ndipo wengi wanapoanguka: melodi inajirudia, pumzi inapungua, maneno yanakuwa ya kujaza. Waliokuambia wimbo ni moto, walikuwa nani? Kama ni washikaji wako na dada zako, hujapimwa bado. Tafuta mtu mwenye gita au kinanda, uuimbe wote mbele ya watu kama kumi wasiojua kwamba ni wako, bila biti, bila zile sauti za nyongeza za studio. Usiwaulize kama wameupenda. Tazama ni sekunde ya ngapi wanashika simu. Na jaribu kuushusha au kuupandisha ufunguo wa wimbo, yaani kuuimba kwa sauti ya chini zaidi au ya juu zaidi. Nyimbo za kundi huwekwa pale panapowafaa wote wanne, inawezekana hata wewe hujui sauti yako inakaa wapi ikiwa huru.

Basi, utoke, usubiri, au vipi? Kutoka sasa kwa kishindo nakukataza, si kwa sababu meneja ana haki, bali kwa sababu utaanza safari na kesi, bila chaneli, na wenzako wawili wanaokuunga mkono wakilazimika kuchagua upande. Kusubiri miaka miwili bila kufanya kitu nako sikushauri. Ukiwa na miaka 22 na muziki umebadilika, huo wimbo utakuwa wa zamani hata kwako. Njia ninayoiona ni ya kuomba ruhusa ya maandishi ya kutoa kazi zako huku kundi likiendelea. Si jambo geni. Sauti Sol wa Kenya walifanya hivyo: mwanakundi wao Chimano alitoa "Friday Feeling" mwishoni mwa 2021, kundi likiwa lipo, na mpaka 2023 walipotangaza kupumzika kila mmoja alikuwa ameshaanza kujulikana kivyake. Wao walikuwa wenye lebo yao na watu wazima, najua. Lakini mantiki ni ile ile: mwanakundi akitoboa, kundi nalo linaongezeka bei, na meneja anayejua hesabu ataliona.

Ruhusa hiyo iwe ya ukurasa mmoja. Nyimbo ngapi, kwa muda gani. Masta na chaneli ni zako. Meneja anapata asilimia fulani kwenye shoo zako alizozitafuta yeye, si kila kitu. Asilimia 15 hadi 20 kwa meneja ni ya kawaida duniani. Ila akitaka asilimia ya meneja na pia nusu ya mapato kama mwenye lebo, wakati wimbo umeulipia wewe, hapo anakula mara mbili, mkatalie. Shoo za kundi zitangulie tarehe zikigongana. Hilo mpe bila kubishana, litamtuliza. Na muandike ni namna gani utatambulishwa: "kutoka kundi la fulani" kwenye bango, ndiyo au hapana. Kabla hujalitumia jina la kundi popote, angalia BRELA, wakala wa usajili wa biashara, limesajiliwa kwa jina la nani. Kama mna shoo za Zanzibar, ujue kule wana usajili wao, wa Bara hauwafikii.

Yule mwenzako asiyekusemesha, mfuate. Si kwenye grupu, si kwa kumtumia mtu. Nenda kwao. Mara nyingi anayenuna si mwenye wivu, ni yule anayejua kwamba kundi likifa yeye hana pa kwenda. Ameisikia habari ya wimbo wako kwa watu. Mpe ausikie kutoka kwako, na mwambie kabla ya tarehe yoyote kutangazwa.

Usisaini kitu kipya kwa sasa, hata kama meneja atakuja na karatasi ya "kuweka mambo sawa", na hata kama atakupa hela siku hiyo hiyo. Ukishapata nakala ya mkataba, au wiki mbili zikipita bila jibu, nenda kwa wakili ana kwa ana. Kazi hii haimalizwi kwa ujumbe wa simu. Hapo Mwanza wapo. Jina lake lihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujalipa, kwa sababu mjini kuna wengi wanaojiita mawakili. Kama hela ya wakili ni shida, ulizia msaada wa kisheria kupitia Chama cha Mawakili Tanganyika. Ukipokea barua yoyote ya madai au ya wito, usisubiri hizo wiki mbili, nenda siku hiyo hiyo. Beba kitambulisho kinachoonyesha tarehe yako ya kuzaliwa, risiti ya studio au muamala wa M-Pesa uliomlipa prodyuza, na picha za ujumbe wenu na meneja. Na nenda na mama. Alikuwepo siku unasaini, wakili atataka kumsikia.